Jirani Yumo Kwenye Waifai Yako: Namna ya Kumtoa Bila Kuvunja Ujirani

Bando letu la mwezi lilikuwa GB 120, na kwa muda mrefu lilitufikisha tarehe 30 likiwa limebaki kidogo. Ghafla likaanza kuisha tarehe 17. Mwezi uliofuata, tarehe 16. Tunaishi nyumba ya kupanga Tabata, Dar es Salaam, ghorofa moja, fremu za maduka chini na wapangaji juu. Mlango unaotazamana na wetu anakaa mwanafunzi wa chuo, na mimi nikajiambia hakuna mwingine, ni yeye. Kila nikimwona kibarazani ameinamia simu, moyo ulinichemka. Akinipa shikamoo, naitikia nusu mdomo. Miezi miwili nilimnunia kijana wa watu, kumbe hajawahi kugusa mtandao wetu hata siku moja.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Anayepitia hali hii aanzie kwenye ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, asianzie kwenye sura ya mtu.

Jipekue nyumbani kwako kwanza

Simu za siku hizi hutumia bando zenyewe bila kuguswa. Ukirekodi video ya sherehe ya dakika 20, usiku simu inaipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kompyuta ya Windows inaweza kushusha masasisho ya GB kadhaa wakati wewe umelala. WhatsApp ikiachwa ishushe kila video ya kila kundi, inashusha kweli. Na runinga yenye intaneti ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote: Netflix wenyewe wanakadiria saa moja ya picha ya kawaida kuwa GB 1 hivi, na ya HD mpaka GB 3. Watoto wakiangalia katuni saa mbili kila siku kwa HD, hesabu ya mwezi unaweza kuipiga mwenyewe.

Fanya jaribio hili la usiku mmoja. Kabla ya kulala, angalia salio la bando na uliandike. Zima waifai kwenye simu zote za nyumbani, chomoa runinga, zima kompyuta na kila kingine kinachotumia waifai. Ruta iache ikiwaka. Asubuhi, kabla hujawasha chochote, angalia salio tena. Likiwa limepungua MB chache, hizo ni za ruta yenyewe, ila anayeingia mchana tu hataonekana kwa jaribio hili. Likiwa limepungua GB nzima au zaidi, kuna mtu mwingine ndani. Kama uko kwenye intaneti ya nyaya isiyohesabu GB, jaribio hili halitakusaidia. Nenda moja kwa moja kwenye hatua inayofuata.

Ingia ndani ya ruta

Watu wengi wana ruta miaka mitatu na hawajawahi kufungua ukurasa wake. Ni rahisi kuliko inavyosemwa. Ukiwa umeunganishwa kwenye waifai yako, fungua kivinjari na juu kabisa, pale panapoandikwa anwani ya tovuti, andika namba ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta nyingi za laini ya simu za Huawei hutumia 192.168.8.1, na visanduku vyao vya nyaya za faiba hutumia 192.168.100.1. Geuza ruta utazame kibandiko chini yake. Namba hiyo huandikwa pale, pamoja na jina la kuingilia na nywila ya kiwandani. Kibandiko kikiwa kimefutika, fungua kwenye simu yako maelezo ya waifai uliyounganishwa, utaona anwani iliyoitwa lango (Gateway). Ndiyo hiyo hiyo.

Ruta nyingine zina programu yake ya simu, nayo inafaa. Ila ukurasa wa kwenye kivinjari huonyesha mambo mengi zaidi, na mimi naupendelea.

Ikiwa nywila ya kuingilia haikubali, na wewe hukumbuki kuibadilisha, jiulize ni nani aliibadilisha. Inawezekana ni fundi aliyekuja kufunga. Njia ya mwisho ni kubonyeza kile kitundu cha nyuma kwa kijiti cha kiberiti au pini, sekunde 10 au zaidi, mpaka taa zizime na kuwaka upya. Hapo ruta inarudi kama ilivyotoka dukani. Kwa intaneti ya faiba usifanye hivyo kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja, maana unaweza kufuta mipangilio yao ukabaki bila mtandao kabisa.

Hesabu vifaa kimoja kimoja

Hapa usikimbilie. Ndani ya ukurasa wa ruta kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Piga picha ya skrini. Kisha chukua karatasi na kalamu, uandike vifaa vyote vya nyumbani kwako vinavyotumia waifai: simu zote, ikiwemo ya dada wa kazi, kompyuta, runinga, king'amuzi kama kina intaneti, kamera ya mlangoni, saa ya mkononi, printa. Watu husahau printa.

Sisi tulifanya baada ya chakula cha usiku. Kwenye orodha palikuwa na vifaa 11. Tulikaa mkekani, mimi nimeshika kompyuta, mke wangu anataja kifaa, mtoto anakizima, nami naonyesha upya ukurasa kuona ni mstari gani umepotea. Simu ya mama, mstari mmoja ukaondoka. Tableti ya watoto, mwingine. Tulipomaliza vyote vya kwetu ukiacha kompyuta ile, bado palibaki mistari minne. Mitatu ilikuwa simu. Wa nne ulikuwa na jina la runinga ya inchi 43 ya kampuni ambayo sisi hatujawahi kununua kitu chake.

Pale ndipo nilipoona aibu. Yule mwanafunzi hana runinga. Chumba chake nimekiona, kina godoro, meza na ndoo mbili.

Majina kwenye orodha hayaeleweki siku zote. Utaona herufi na namba 12 zilizogawanywa mbili mbili. Hiyo ni anwani ya MAC, kama namba ya usajili ya kifaa. Jozi tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji, na ukizitafuta mtandaoni utajua kama ni Samsung, Tecno au nyingine. Lakini simu zenye Android 10 na kuendelea, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kwa kawaida hujitungia anwani ya bandia. Itazame herufi au namba ya pili kutoka mwanzo wa anwani: ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo ni ya kutungwa na haitakwambia mtengenezaji. Usikwame hapo. Kuzima kimoja kimoja ndiko kunakotoa jibu.

Fanya zoezi hili mara mbili, mchana na usiku. Kifaa kinachoonekana saa 4 asubuhi mpaka saa 2 usiku halafu kinapotea hakiko kwenye chumba cha kulala cha mtu. Kiko kazini. Runinga ile ilikuwa ikiingia saa 3 asubuhi kila siku isipokuwa Jumapili. Chini yetu kuna saluni ya kusuka, na muziki wa video unapigwa tangu inapofunguliwa.

Nywila ilitokaje?

Ni mara chache sana jirani amevunja kitu. Nywila hutolewa, na mara nyingi hutolewa na mtu wa ndani ya nyumba yako kwa moyo mweupe. Simu ya Android ukigusa sehemu ya kushiriki mtandao hutoa msimbo wa QR, na kwenye simu nyingi nywila imeandikwa chini yake kwa herufi zinazosomeka. iPhone tangu iOS 16 huonyesha nywila iliyohifadhiwa kwa mwenye simu. Mgeni uliyempa Krismasi anaweza kumpa mwingine Pasaka. Fundi amekipiga picha kibandiko. Na zipo programu za simu ambazo kazi yake ni kukusanya nywila za waifai za mitaani; mtu akizipakua na kukubali masharti bila kusoma, anaweza kuitoa ya kwenu kwa kila apitaye.

Kwetu alikuwa mdogo wake mke wangu. Alipokuja likizo alikwenda kusuka chini, wakamwomba, akawafungulia QR. Nilipomuuliza alishangaa kabisa: "Shemeji, si waifai tu?"

Jioni ya kubadilisha kila kitu

Chagua saa ambayo hakuna mtu nyumbani anayefanya kazi au mtihani mtandaoni. Fuata mpangilio huu, kwa sababu ukianza na nywila ya waifai ukaacha mlango wa ruta wazi, umefunga dirisha tu.

Anza na nywila ya kuingia kwenye ukurasa wa ruta. Hii ni tofauti na nywila ya waifai, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ikiwa bado ni "admin" kama ilivyotoka kiwandani, yeyote ambaye bado ameunganishwa anaweza kuingia na kuisoma nywila mpya dakika utakayoiweka. Kwenye ruta nyingi za laini ya simu, hata ujumbe mfupi unaoingia kwenye laini hiyo husomeka kwenye ukurasa huo huo.

Halafu badilisha nywila ya waifai. Inatakiwa iwe na herufi 8 hadi 63. Usiweke namba ya simu. Namba zetu huanza na 06 au 07, kwa hiyo zinazobaki za kubahatisha ni tarakimu nane, na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro huzijaribu zote kwa dakika chache. Afadhali uunge maneno manne yasiyohusiana, yanayotamkika, ambayo hata bibi atayakumbuka: kwa mfano mwiko-reli-kanga-tisini. Huo ni mfano, usiuchukue.

Kama ruta yako inatoa mitandao miwili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, badilisha nywila zote mbili. Nimeona nyumba mbili ambako mwenyewe alibadilisha mmoja, na jirani akahamia kwenye wa pili siku hiyo hiyo. Kama una kifaa cha kurefusha mawimbi mpaka chumba cha nyuma, nacho kina nywila yake.

Kwenye sehemu ya usalama chagua aina ya ulinzi: WPA3 ikiwepo, au WPA2. Ruta ikikupa WEP peke yake, ni ya zamani mno. Udhaifu wa WEP umejulikana tangu mwaka 2001, na dawa yake ni ruta nyingine.

Zima WPS. Ni ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya tarakimu nane. Mwishoni mwa mwaka 2011 ilionyeshwa hadharani kwamba namba hiyo hukaguliwa nusu nusu, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000 badala ya milioni 100. Tena kitufe chenyewe kikiwa sebuleni, mgeni yeyote anaweza kukibonyeza ukiwa jikoni unamchemshia chai.

Ubadilishe na jina la mtandao. Jina kama "Familia ya Ghorofa ya Pili" linamwelekeza mtu mlangoni. Weka jina lisilotaja nyumba wala mtu, wala tusi. Wapo wanaoandika majina ya kumsema jirani ili ayasome kwenye simu yake; wanawe nao wanayasoma.

Mwisho, tafuta kama kuna sasisho la programu ya ruta, uliweke, kisha uzime na kuwasha. Vifaa vyote vitatoka. Rudisha vya kwenu kimoja kimoja kutoka kwenye ile karatasi. Na kabla hujampa mtu yeyote nywila mpya, washa mtandao wa wageni kama ruta inao: una jina lake na nywila yake, na mgeni akiwa humo haoni printa wala kompyuta zenu. Wageni wote, na mashemeji wote, huko.

Usijichoshe na haya

Kuficha jina la mtandao hakumzuii anayejua, kunawasumbua wa nyumbani tu. Kuzuia vifaa kwa anwani ya MAC kunafaa kwa siku mbili, halafu mtu anabadilisha anwani kwenye mipangilio ya simu na kurudi. Kusogeza ruta kutoka dirishani kwenda katikati ya nyumba kunapunguza mawimbi yanayotoka nje, fanya ukiweza, lakini si ulinzi.

Kuna jambo moja nakusihi usifanye: usijaribu kuchungulia jirani anafungua nini, wala kumpunguzia kasi makusudi ili ateseke. Ukishaanza kusoma mambo ya mwenzako, wewe ndiye mwenye kosa.

Kesho yake, mwendee

Usisubiri aje kuuliza mbona waifai haikamati. Nenda mapema, peke yako, asiwepo mteja wala mpangaji mwingine. Usimwite mwizi. Hujui aliambiwa nini.

Mimi nilishuka saluni saa 2 na nusu, kabla hawajaanza kusuka.

"Hodi jirani."

"Karibu kaka, za kuamka?"

"Salama dada. Nimekuja na neno dogo. Jana usiku nimebadilisha nywila ya waifai ya juu. Bando lilikuwa linatukatikia katikati ya mwezi, na watoto wana masomo. Nimeona nikwambie mwenyewe usije ukadhani TV imeharibika."

Akaweka kitana chini. "Kaka, wallahi yule binti wenu alituambia mmeruhusu. Mimi hata nilipanga nije kushukuru."

Sikuwa na la kuongeza. Angalia maneno yalivyokaa: nimesema nilichofanya, nimesema kwa nini, sikuuliza nani alianza. Ukiuliza "nani alikupa?" umemgeuza shahidi dhidi ya mtu wa nyumbani kwako. Hilo limalize ndani.

Kama ni mtoto wa jirani ndiye aliyeingia, ongea na mzazi wake, na umpe nafasi ya kumsema mwanawe mwenyewe. Kama ni mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo na umsikilize mpaka mwisho, hata kama unajua anazunguka. Na kama ulimshuku asiyehusika, mwendee naye. Yule mwanafunzi nilimgongea mlango jioni ile, nikamwambia wazi: nilikudhania vibaya, nisamehe. Akacheka, akasema alidhani nimekasirikia viatu vyake vinavyokaa kwenye ngazi.

Akirudi kwa nguvu

Umebadilisha kila kitu, umesema kwa upole, na bado kuna kifaa kisicho chenu kwenye orodha. Rudia kwanza kuuliza nyumbani nani ametoa. Kama hakuna, huyo anaingia kwa hila, na mambo ni tofauti. Tunza picha za skrini zenye tarehe na saa. Mshirikishe mwenye nyumba, maana wapangaji wote ni wake. Kisha mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, kunakosuluhishwa mengi ya aina hii kabla hayajafika mbali. Polisi wapo pia: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa ni kosa ndani yake. Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, nayo inagusa jambo hilo hilo.

Usilichukulie kama suala la MB tu. Laini ya ruta imesajiliwa kwa jina lako. Mtu akiitumia kutapeli au kutisha watu, anwani itakayoonekana kwanza ni ya kwenu, na wewe ndiye utakayeulizwa kwanza.

Ukiamua kugawana

Wengine baada ya mazungumzo huona ni afadhali wachangie, na si vibaya. Soma mkataba wako kwanza: kampuni nyingi haziruhusu kuuza huduma yao tena, na kuuza intaneti kama biashara kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Majirani kuchangia kifurushi kimoja ni jambo jingine, lakini liulizie.

Sisi tulikubaliana na mwanafunzi, ambaye alikuwa akinunua vifurushi vya siku kila siku kwa bei ya kumuumiza. Yuko kwenye mtandao wa wageni. Ruta yetu inaruhusu kumwekea kikomo cha kasi, tukakiweka cha kutosha kusoma na kuangalia mihadhara. Analipa sehemu yake kabla ya bando kununuliwa, si baada. Tarehe 1 ya kila mwezi nabadilisha nywila ya wageni, namtumia kwenye ujumbe, kisha nafungua orodha ya vifaa na kuilinganisha na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Dada wa saluni alinunua laini yake. Mwezi uliopita bando lilifika tarehe 29.